Jadidifu Gani Wakati Samaki Wameisha?

Haya nyie wa nyuma sogeeni. Sitaanza na aina za rasilimali, najua mmeshakariri, safu ya kushoto jadidifu, yaani zinazojirudisha zenyewe: maji, misitu, samaki, safu ya kulia zisizo jadidifu: mafuta, madini, makaa ya mawe. Mimi hilo jedwali silipendi na nimelisema mpaka wenzangu wakiniona nashika chaki wanaanza kucheka.

Twendeni Newfoundland, Kanada. Pale watu wamevua chewa, yule wa maji baridi anayeitwa cod, karne na karne wakijua bahari haiishi. Zikaja meli kubwa zenye friji humohumo ndani, zinaburuta nyavu chini kabisa, na mwaka 1968 pekee zikatoa kama tani laki nane. Wavuvi wa pwani wakawa wanalalamika samaki wanapungua, wanazidi kuwa wadogo, lakini meli zina vifaa vya kutafuta samaki kwa mwangwi wa sauti, na chewa hata wakibaki wachache hukusanyika pamoja, basi wavu ukijaa mtu anasema si mnaona, wapo tele! Mwaka 1992 serikali ikafunga uvuvi, watu zaidi ya 30,000 hawana kazi. Walisema miaka miwili tu, ikaenda zaidi ya thelathini.

Najua kuna mtu hapo anasema, sasa mwalimu si wakiachwa watazaana? Watazaana, nani na nani? Chewa wa kule anachukua miaka mitano na zaidi ndio aanze kutaga, na majike makubwa yanayotaga mayai mamilioni ndiyo yalitangulia sokoni. Halafu mniambie, 1997 bahari hiyohiyo wakaanza kuchimba mafuta, eneo la mafuta la Hibernia, na bado yanatoka. Cha kushoto kimeisha, cha kulia ndio kinaanza! Sisemi mafuta hayaishi jamani, msiende kuniandika hivyo, yataisha. Nasema angalia kasi ya kutoa na kasi ya kurudi, jina la safu halikusaidii kitu.

Muda unakimbia. Maji ya chini ya Sahara yaliingia ardhini maelfu ya miaka iliyopita, enzi jangwa lina mvua, leo ukiyapampu unachimba kama makaa ya mawe tu, na mnayaweka kushoto. Shaba mnaiweka kulia wakati waya chakavu ukiyeyushwa unapata shaba ileile. Udongo nimeuacha, huo unataka kipindi chake. Haya, nani ana swali, na asiniulize kama hili litakuja kwenye mtihani.