The Cranberries: bendi iliyobebwa na koo moja

Asalaam alaykum vijana wangu, na wazee mliojikokota mpaka hapa Mji Mkongwe na jua hili, ahsanteni sana. Tukitaja roki hapa Unguja kila mtu anakimbilia kwa Freddie Mercury kwa vile kazaliwa hapa 1946, leo mie namwacha kidogo, nataka tuzungumze bendi ya Ireland inaitwa The Cranberries. Nimeichagua kwa sababu naona humu ndani watoto wa kike wengi mnaoanza kuimba na bendi, na yaliyomfika yule dada aliyekuwa mbele ya ile bendi nataka muyajue sasa hivi, kabla hamjasaini karatasi ya mtu.

Walianza 1989 mji wa Limerick, ndugu wawili, Noel Hogan wa gitaa na Mike Hogan wa besi, na rafiki yao Fergal Lawler wa drams. Walikuwa na mwimbaji mwanamme, akaondoka, wakawa wanatafuta mtu. 1990 akaja Dolores O'Riordan, msichana wa shamba, kijiji kinaitwa Ballybricken, kakulia kuimba na kupiga kinanda kanisani, tena mwenye haya kiasi kwamba maonyesho ya mwanzo alikuwa akiimba kawapa watu mgongo. Noel akampa kanda yenye muziki mtupu, akaenda nayo kwao, aliporudi kaja na maneno na sauti ya wimbo ambao baadae dunia nzima iliujua, Linger.

Hapo nataka nikae kidogo. Linger ina kodi nne tu, yaani noti kadhaa za gitaa zinazopigwa pamoja, D, A, C, G, zinazunguka mwanzo mpaka mwisho, ubeti kodi zile zile, kiitikio kodi zile zile. Mwenye gitaa hapa anaweza kuipata leo leo kabla ya magharibi. Sasa kama kodi hazibadiliki nini kinaupeleka mbele wimbo? Sauti. Yaani yeye ndo anaepanda, yeye ndo anaeshuka, anaivunja sauti pale juu inatoka kifuani inaingia kichwani, halafu anaimba kwa lafudhi ya kwao Limerick bila kuificha. Kwenye taarab yetu mwimbaji akimaliza mstari kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inamjibu, fidla inamjibu, akodiani nayo inamjibu, anapata pumzi. Dolores hakuwa na mtu wa kumjibu namna hiyo, wale watatu walimtandikia mkeka tu na yeye akawa juu yake peke yake usiku baada ya usiku.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mgumu. Meneja wao wa kwanza ndo huyo huyo mwenye studio na ndo huyo huyo prodyuza, EP yao ya 1991, yaani sahani fupi ya nyimbo chache, haikwenda popote, magazeti ya Uingereza yaliyokuwa yakiwasifu yakageuka, wakaachana na yule meneja na nusura bendi ife pale. Hilo la mtu mmoja kukushikia kila kitu, studio yake, mkataba wake, hesabu zake, jamani liogopeni, mie nimeona na hapa kwetu.

Albamu ya kwanza ikatoka Machi 1993 na prodyuza mwengine, Stephen Street, kwao haikushtua mtu, mpaka walipokwenda Marekani televisheni ya muziki ya MTV ikaanza kuipiga Linger mchana na usiku, ndo na Uingereza wakazinduka, 1994 albamu ikashika namba moja. Marekani peke yake ilivuka kopi milioni 5. Ya pili, 1994 hiyo hiyo, ilivuka milioni 7 huko huko Marekani.

Kwenye hiyo ya pili ndo imo Zombie. Machi 1993 IRA, kundi la silaha la Ireland lililotaka Ireland Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, walitega mabomu kwenye mapipa ya taka mtaa wa maduka pale Warrington, Uingereza, wakafa watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwengine wa 12. Dolores akaandika Zombie peke yake, na yeye ni mtu wa Ireland anawaambia watu wa Ireland, msiue kwa jina langu. Kuna waliomlaumu kwamba kaiingilia siasa hajaijua. Mie nasema alikuwa na haki, na msichana wa miaka 20 na kitu kusimama mbele ya dunia akaliliya watoto wa upande wa pili ni ushujaa ambao wakubwa wengi hawakuwa nao.

Lakini hebu hesabuni. Albamu 1993, albamu 1994, albamu 1996, na katikati yake ziara za dunia nzima. Waya wa udi ukikatika unavalisha mwengine, koo halina spea. 1996 hiyo ziara ikakatishwa, Dolores kakonda, halali usingizi, roho juu. Albamu za baadae ziliuza kidogo kila moja kuliko iliyotangulia, 2003 wakaamua kupumzika, 2009 wakarudi, na 2013 mambo yakafika Mahakama Kuu ya Dublin, Dolores kamshitaki Noel, yule yule aliyempa kanda. Kesi ikaja kufutwa. Mwaka huo huo wa 2013 Dolores alisema hadharani kwamba alipokuwa mdogo alifanyiwa udhalilishaji, kwa miaka, na 2017 akasema ana maradhi ya baipola, ya akili, moyo unapanda na kushuka kupita kiasi. Kwa hiyo kumbe yule tuliyekuwa tunamuona jukwaani kapaka dhahabu mwili mzima kwenye video ya Zombie alikuwa na mzigo wote huu na bado ratiba inamwambia kesho kuna shoo.

Tarehe 15 Januari 2018 alikutwa amefariki hotelini London, miaka 46. Uchunguzi ulisema alizama kwenye beseni la kuogea akiwa amelewa, ajali.

Na hapa wale watatu nawavulia kofia. Yeye alikuwa kesharekodi sauti za majaribio za albamu mpya. Wakenda kwa familia yake wakaomba ridhaa, wakampata tena Stephen Street, wakaimalizia, In the End ikatoka Aprili 2019, ikaingia kwenye wanaogombea tuzo ya muziki ya Grammy kwa mara ya kwanza katika maisha ya bendi, halafu wakalifunga jina. Hawakutafuta msichana mwengine wa kuiga ile sauti, na fedha zingekuwepo, maana watu wangekata tiketi. Kwetu klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, waimbaji wanaingia na kutoka, klabu inabaki, kwa sababu imejengwa hivyo tokea mwanzo. The Cranberries haikujengwa hivyo.

Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarab, nae alitoka Fumba, msichana wa shamba vile vile, akaingia mjini na 1928 akenda kurekodi Bombay na wanaume wa kundi lake. Kwa hiyo nyinyi mnaosimama mbele si wa mwanzo, na sitaki mniambie mnaogopa. Ninalolitaka ni hili, kabla ya shoo kumi kwa mwezi ulizeni siku za kupumzika ziko ngapi, na ziandikwe kwenye mkataba, si kwa mdomo. Na nyinyi wapiga gitaa mnaochekacheka huko nyuma, mwimbaji akisema leo koo linauma, shoo inaahirishwa, hakuna mjadala.

Haya, sasa tunaipiga Linger kwenye spika, mskilize pumzi zake tu, kisha nachukua masuali, naanza na yule bibie mwenye akodiani.