Afisa Akibisha Hodi: Watoto Weusi na Malezi ya Kambo Marekani

MWANAISHA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko Marekani, kwenye kesi za ustawi wa watoto. Familia nyingi za Waswahili kule, hasa wakimbizi wa Kongo, huanza kuuliza haya mambo wakiwa wameshachelewa. Kaka Baraka, tuanze na hesabu.

BARAKA: Hesabu haifichiki, dada. Watoto weusi ni kama asilimia 14 ya watoto wote Marekani, lakini kwenye malezi ya kambo, yaani watoto ambao serikali imewatoa kwa wazazi na kuwaweka kwa walezi wengine, wanazidi asilimia 20. Utafiti wa 2017 ulikadiria kuwa asilimia 53 ya watoto weusi huchunguzwa na idara ya ustawi wa watoto angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa watoto wote kwa jumla ni 37.

MWANAISHA: Zaidi ya nusu! Na watu wakisikia hivyo wanadhani ni vipigo tu.

BARAKA: Sababu inayotajwa zaidi ni mtoto kutotunzwa. Humo kuna uzembe wa kweli, na kuna umaskini mtupu: umeme umekatwa, friji haina kitu, mama yuko zamu ya usiku na mtoto wa miaka 10 ndiye anaangalia wadogo zake. Mwalimu akilisikia hilo na kushuku hatari, sheria inamlazimu kuripoti. Majimbo mengi hayajataja hata umri wa kumwacha mtoto peke yake, kwa hiyo anaamua aliyepokea simu. Rangi inapenya hapohapo.

MWANAISHA: Haya, afisa wa idara amebisha hodi.

BARAKA: Mzazi asifoke. Aulize tuhuma ni ipi. Sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, inamtaka afisa aiseme mara ya kwanza wanapokutana. Aulize kama ipo amri ya mahakama. Kama haipo, na hakuna hatari ya papo hapo, anaweza kutomwingiza ndani. Lakini afisa naye anaweza kwenda kwa hakimu, kwa hiyo mzazi ampigie wakili kabla hajaamua.

MWANAISHA: Na mkalimani je? Maana watoto hushika Kiingereza haraka, basi afisa anamgeukia binti wa miaka 12 amtafsirie mama yake tuhuma za mama yake.

BARAKA: Hilo likataliwe. Idara inapokea fedha za shirikisho, kwa hiyo inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mkalimani ni juu yao, na ni bure. Mzazi aseme wazi ni Kiswahili cha Kongo. Samahani, dada, lakini mkalimani wa Mombasa na mama wa Uvira wanaweza kupishana kidogo tu, na ripoti ikaandikwa kingine kabisa.

MWANAISHA: Sitakasirika. Tuje kwenye ile karatasi ya mpango wa usalama, ambayo idara humpa mzazi atie saini.

BARAKA: Hiyo imewaponza wengi. Inaitwa ya hiari: mtoto akae kwa shangazi kwa muda. Mara nyingi hakimu hayupo, wakili hayupo, wala tarehe ya mwisho. Kabla ya saini yaandikwe mambo manne: unaisha lini, nani anaukagua, mzazi atamwona mtoto mara ngapi, na shangazi atasaidiwa nini, maana kwa njia hiyo posho ya mlezi mara nyingi haipati.

MWANAISHA: Na mtoto akichukuliwa kabisa?

BARAKA: Orodha ya ndugu, siku hiyohiyo. Jina kamili, simu, anwani, uhusiano, mpaka mama mdogo aliye jimbo lingine. Sheria ya 2008 inaitaka idara iwaarifu ndugu ndani ya siku 30, lakini mzazi asipowataja wanaweza kukosekana. Tangu 2023 kanuni za shirikisho zinaruhusu majimbo kuwawekea ndugu masharti mepesi kuliko walezi wengine. Ajabu ilichukua miaka yote hiyo! Ndugu anayekataliwa kumchukua mtoto kwa sababu ya vyumba vya nyumba yake aulize kama jimbo lake limebadilisha masharti.

MWANAISHA: Huku kalenda inakimbia.

BARAKA: Inakimbia kweli. Kwa sheria ya 1997, mtoto akikaa malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, jimbo linatakiwa kuomba mahakama ifute haki za mzazi. Sasa mama ameamriwa amalize darasa la malezi, darasa la Kiswahili hakuna, anasubiri. Kusubiri hakusimamishi kalenda. Sheria inaruhusu ombi lisifunguliwe kama mtoto yuko kwa ndugu, kama ipo sababu nzito iliyoandikwa, au kama idara haikutoa huduma zilizomo kwenye mpango wa kumrudisha mtoto nyumbani. Hiyo ya mwisho inataka ushahidi: kila ombi la darasa liende kwa barua pepe, na majibu yahifadhiwe.

MWANAISHA: Na hapo jumuiya ina kazi. Kanisani au msikitini watachanga, watapika, sawa. Lakini mama anahitaji mtu mwenye gari kila Jumanne saa tisa alasiri, ampeleke akamwone mtoto. Akikosa mara mbili kwa sababu ya basi, ripoti itasema hana nia.

BARAKA: Na walio Minnesota wajue sheria mpya iliyotiwa saini 2024. Inawahusu watoto wenye asili ya Afrika, hivyo Wakongo wamo. Inaidai idara juhudi kubwa zaidi kabla ya kuitenganisha familia. Imeanza 2025 kwa awamu katika kaunti za Hennepin na Ramsey, na jimbo zima ni Januari 2027. Wakili asipoitaja kwenye kikao cha kwanza, mzazi amuulize kwa nini.