Tuzungumzie Betri Kwanza

Ndugu zangu, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa mada ya matumizi ya umeme wa jua majumbani, akaniomba nianze na faida zake. Faida naomba niziruke. Hakuna aliyepanda daladala kutoka Kisesa au Buhongwa aje hapa Mwanza kuambiwa kwamba jua halina bili. Kandili mmeshaziweka stoo, na wengi wenu mna paneli juu ya bati muda huu ninapoongea. Nitasema kile ninachokisema kila nikipewa kipaza sauti: sola nyingi za mji huu haziharibiki kwa sababu ya jua, wala kwa sababu ya paneli. Zinafia kwenye betri, na betri tunaiua wenyewe.

Kuna mama mmoja kule Igoma. Alifungiwa paneli ya wati 200, betri ya maji ya volti 12 na ampea-saa 100, na inveta ya wati 1000, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Fundi alifunga mwezi wa sita, kiangazi. Taa zinawaka, runinga inaonyesha, watoto wanasoma usiku. Masika ilipokuja umeme ukaanza kukata saa nne usiku, baadaye saa tatu, mwisho taa zikawa zinafifia kabla chakula hakijapakuliwa. Mama akarudi dukani. Wakamwambia paneli yake ni ndogo, aongeze nyingine. Akaongeza. Hakuna kilichobadilika.

Nilipoitwa nilikwenda asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, nikazima kila kitu, nikasubiri, ndipo nikapima. Multimita, kile kipimo cha umeme, ikasoma volti 11.6. Betri ya namna ile ikiwa imejaa na imepumzika inasoma karibu 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 11.9, hapo hamna kitu. Nikafungua vifuniko, nikamulika kwa tochi. Maji yamepungua hadi sahani za risasi ziko wazi, na juu yake kuna ukoko mweupe.

Ule ukoko ndio nataka muujue. Kila unapotumia betri, risasi ya kwenye sahani inaungana na asidi na kuwa salfeti. Ukiichaji mapema hadi ijae, salfeti inavunjika na kila kitu kinarudi mahali pake. Ukiiacha haijajaa leo, kesho, na keshokutwa, salfeti inakomaa, inaganda, na chaji ya kawaida haiitoi tena. Betri inakuwa nzito vile vile mkononi lakini ndani nafasi imekwisha. Ndiyo maana paneli ya pili haikusaidia. Ingekuja mwezi wa sita ingeiokoa. Ilikuja imekuta maiti.

Tufanye hesabu ya usiku wa nyumba ile, maana hesabu hii ingefanywa mwanzo mama yule asingepoteza hela yake. Taa 5 za wati 7, saa 5: wati-saa 175. Runinga ya wati 40, saa 5: 200. King'amuzi cha wati 15, saa hizo hizo: 75. Simu za nyumba nzima, tuseme 50. Jumla 500. Hiyo ni nusu ya yuniti moja ya LUKU, ndugu zangu! Tena kuna mlaji ambaye hakuna aliyemhesabu: inveta. Inveta ikiachwa imewashwa, hata kama haijachomekwa kitu, inakula. Ya kwake ilikuwa inakula kama wati 10. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni 120. Sasa tuko 620.

Betri ina nini? Volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1200. Lakini betri ya maji ukitaka iishi unatumia nusu tu, yaani 600. Kwa hiyo kila usiku inavuka mstari, hata kiangazi. Paneli ya wati 200 kwa jua letu, ukitoa kinachopotea njiani, inaleta kama 700 siku nzuri. Siku ya mawingu inaleta nusu yake, au chini ya hapo. Masika ina siku ngapi za mawingu zinazofuatana? Hamhitaji mimi niwaambie.

Mtasema, kontrola, kile kifaa kinachoongoza chaji kati ya paneli na betri, si ipo? Kontrola si inakata betri ikishuka? Inakata vilivyofungwa kwenye kontrola! Inveta kubwa haifungwi hapo, kwa sababu tundu la matumizi la kontrola ndogo haliwezi kubeba mzigo wake, kwa hiyo inafungwa moja kwa moja kwenye betri. Na inveta nyingi za bei rahisi zinajizima betri ikifika kama volti 10.5, yaani baada ya madhara. Kabla ya hapo zinalia. Ya mama yule ilikuwa inalia kila usiku, watoto wakazoea, wakaongeza sauti ya runinga. Fundi hakuwaambia ile kelele maana yake nini. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu ni maneno ya dakika moja.

Kwa hiyo taa zako ziwe za volti 12 na zipite kwenye kontrola. Runinga za volti 12 zipo pia. Inveta uiwashe unapoihitaji, uizime ukimaliza. Ukinunua mpya, ulizia ambayo kiwango cha kukata kinaweza kupandishwa. Na pasi? Pasi ya wati 1000 naomba isiguse betri hiyo. Endeleeni na ya mkaa.

Kuna kaka kule nyuma anatikisa kichwa, najua anataka kusema lithiamu. Ni kweli. Betri za lithiamu za fosfeti ya chuma zinatumika hadi asilimia 80 na zaidi, zina ulinzi wake ndani, na zinadumu miaka mingi zaidi. Mwenye uwezo anunue, ila ahakikishe kontrola yake ina mpangilio wa lithiamu. Mwenye uwezo wa betri ya maji bado anaweza kuishi nayo vizuri kwa hesabu hii hii. Asinunue ya gari tu. Sahani za betri ya gari ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kubeba runinga usiku kucha.

Betri ikipungua maji, ongeza maji safi yaliyokenekwa. Msiongeze asidi! Na isikae chumba cha kulala, kwa sababu ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Iwe mahali penye hewa na pasipo joto kali.

Paneli niziseme haraka, mwenyekiti ananionyesha saa. Mwanza tuko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo ielekee kaskazini, ilale kwa nyuzi kama 10 ili mvua iisafishe. Iinuliwe kutoka kwenye bati hewa ipite chini, maana paneli inataka mwanga, na joto linaipunguzia nguvu. Kivuli cha antena kikikata kona moja kinashusha paneli nzima. Na wanaokaa karibu na miti wanayolala kongoti, wale ndege wakubwa, wanajua wenyewe kazi ya kufuta.

Mikopo ya sola nilikuwa nimeiandalia maelezo, naiacha. Nisichoweza kuacha ni betri zilizokufa. Msizipasue uani kutoa risasi, na ile asidi isimwagwe mtaroni, kwa sababu mitaro ya mji huu inaishia ziwani, na ziwa hilo ndilo tunalokunywa. Irudisheni kwa anayenunua chakavu ikiwa nzima, na vifuniko vyake.

Nimekuja na multimita. Mwenye betri yake kwenye gari hapo nje, tukitoka tunaipima.