Kutafuta okidi na maua mwitu Kitulo, hatua kwa hatua

Karibuni, watazamaji wetu. Hapa mnapopaona ni uwanda wa juu wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Pamekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na hifadhi hii ilianzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Kuna takribani aina 45 za okidi zinazoota ardhini, lakini wageni wengi hupanda, hushuka, na kuondoka wameona tatu au nne tu. Video hii inaonyesha namna ya kuziona nyingine, na namna ya kuzipiga picha ili zitambulike kwa jina.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mwezi. Njoo kati ya Desemba na Aprili, mvua zikiwa zimeshika. Juni hadi Agosti ni baridi kali na ukungu, na okidi nyingi wakati huo ni viazi tu chini ya udongo. Septemba na Oktoba kutembea ni raha, ila maua ni machache. Usitegemee ziara moja ikuonyeshe kila kitu, kwa kuwa aina hupokezana: zilizochanua Desemba huenda Machi zimeshabeba mbegu. Ukiweza kuja mara mbili katika msimu mmoja, fanya hivyo.

Ukitokea Mbeya, unafika Chimala, unapanda kwenda Matamba kwa barabara ya kona 57. Watu wanaiita Hamsini na Saba. Wakati wa mvua barabara inateleza, kwa hiyo panda mapema na gari lenye nguvu magurudumu yote manne. Taratibu za kuingia na askari wa uhifadhi wa kukuongoza zipange na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kusafiri.

Sasa tazama vifaa hivi mezani. Buti zisizopitisha maji, koti la mvua, sweta, maji lita 2 kwa kila mtu na chakula cha mchana. Kwa kazi yenyewe: lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, rula ya sentimita 15, kipande cha kadi nyeusi, daftari na penseli. Chukua penseli, usichukue kalamu, kwa sababu wino hukataa kuandika kwenye karatasi yenye unyevu. Simu iwe na chaji ya akiba. Baridi humaliza betri upesi.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote. Usitafute ua, tafuta mahali. Okidi haioti kila sehemu yenye nyasi. Ukifika, simama kwanza, utazame uwanda wote na uugawe kwa macho: pale penye maji yanayotuama, pale penye nyasi fupi kwenye mteremko, pale penye mawe, na kule ukingoni mwa msitu. Kila sehemu ina wakazi wake, na majina nitakayoyataja sasa ni ya kisayansi, ya makundi ya okidi. Kwenye chepechepe utapata Satyrium na baadhi ya Disa. Kwenye mteremko mkavu kidogo, Eulophia. Habenaria nyingi ni za kijani na nyeupe, hivyo hujificha kabisa kwenye nyasi. Mahali palipoungua moto msimu uliopita usipapite haraka, maana baadhi ya okidi huchanua vizuri zaidi nyasi zikiwa zimepungua. Na ukiingia msitu wa Livingstone, inua macho: huko kuna okidi zinazoishi juu ya matawi yenye kuvumwani.

Baki kwenye njia. Tembea hatua kumi, simama, chuchumaa, kisha kagua mita mbili kila upande. Kuchuchumaa kuna sababu yake: ukisimama unaona nyasi kutoka juu na vikonyo vyembamba vinapotea; ukiwa chini, shuke la okidi linajitokeza dhidi ya mwanga. Kwa mwendo huu kilomita moja itakuchukua saa moja au zaidi, na ndivyo inavyotakiwa. Kabla ya kupiga goti tazama chini, kwa kuwa kando ya ua moja mara nyingi kuna machipukizi ambayo hayajachanua.

Umepata ua. Je, ni okidi? Hapa wengi hukosea. Maua mekundu na manjano yaliyosimama kama mwenge ni Kniphofia, si okidi. Gladiolus nayo hudanganya, ila ukichungulia ndani utaona stameni, yaani sehemu za kiume za ua, tatu zilizojitenga. Okidi haina stameni za namna hiyo: sehemu za kiume na za kike zimeungana kuwa nguzo moja katikati ya ua. Kisha hesabu: vipande sita, vitatu vya nje na vitatu vya ndani, na kimoja cha ndani kina umbo la pekee. Hicho tunakiita mdomo.

Ukishahakikisha, geuka upande na utafute mkia, ule mrija mwembamba unaohifadhi nekta, maji matamu ya ua. Mikia miwili ikining'inia nyuma ya ua, karibu hakika ni Satyrium, ambayo mdomo wake umekaa juu kama ushungi. Mkia mmoja unaotoka kwenye ushungi wenyewe ni dalili ya Disa. Mkia mmoja unaotoka chini ya mdomo, mrefu, na mdomo umechanika vipande vyembamba, ni Habenaria. Ukiwa mfupi kama kifuko, fikiria Eulophia. Hapo umeshapata jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, bila kugusa jani. Jina kamili la spishi ni kazi ngumu zaidi. Disa ukingensis, kwa mfano, imebeba jina la Ukinga, milima ya jirani, lakini huwezi kuitenganisha na ndugu zake kwa rangi peke yake.

Ndiyo maana picha moja ya ua zuri haitoshi. Piga saba: mmea mzima kuanzia ardhini, shuke lote, ua moja kwa mbele, ua hilohilo kwa ubavu ili mkia uonekane, nyuma yake, majani, na mandhari ulimoota. Kosa la kawaida ni kusahau majani. Disa nyingi huweka majani makubwa kwenye chipukizi la pembeni lisilo na ua, kwa hiyo litafute na ulipige pia. Weka rula kando ya ua, usiiegemeze juu yake. Kadi nyeusi ishike nyuma ili simu isilenge nyasi. Usisogeze simu karibu mno. Rudi nyuma kidogo, kuza mara mbili, gusa ua kwenye kioo, halafu shusha mwanga, la sivyo ua jeupe litatoka kama doa. Upepo ukivuma, ukinge kwa mwili wako na usubiri utulie. Usishike kikonyo.

Na usichimbe, hata mmoja. Okidi hizi nyingi zina viazi viwili: kimoja cha zamani kinacholisha ua unaloliona, na kipya kilichowekwa akiba kwa mwaka ujao. Ukiung'oa mmea, umeondoa miaka yote miwili. Kuupanda nyumbani hakusaidii, kwa sababu mmea huu unategemea kuvu maalumu walio kwenye udongo wake. Bila hao hata mbegu haioti. Viazi hivi huchimbwa na kuuzwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda pamoja na unga wa karanga, na uchimbaji huo umeziumiza sana okidi za nyanda hizi. Ukikuta vishimo vidogo vingi na mashina yaliyotupwa kando, piga picha, andika mahali, na umweleze askari wa uhifadhi siku hiyohiyo.

Mchana mawingu yakianza kujaa, teremka. Uwanda hauna miti, na radi inapopiga wewe ndiye kitu kirefu kilichosimama. Hakikisha umeshatoka sehemu za wazi kabla ya ngurumo ya kwanza.

Jioni, kabla hujalala, andika tarehe, mwinuko, aina ya ardhi, urefu wa mmea na idadi ya mimea uliyoiona. Ukipakia picha iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe kwa picha, chagua mpangilio unaoficha mahali halisi. Ukizituma kwenye kundi la WhatsApp, taja Kitulo tu, usitume ramani: mchimbaji anaweza kuisoma kama unavyoisoma wewe.