Kuchambua Picha za Wanyamapori: Ipi Ibaki, Ipi Iondoke

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo sipo porini. Nipo mezani nyumbani, Arusha, na mbele yangu kuna kadi mbili za kamera zenye picha 1,846 za asubuhi moja tu pale Ndutu, kwenye tambarare za kusini mwa Serengeti, mwezi Februari, nyumbu wakiwa katika kuzaa. Duma jike aliwinda ndama mbele yetu. Tangu alipochomoka kwenye nyasi hadi alipokata tamaa haikufika dakika moja, lakini kamera za siku hizi zinapiga picha 20 kwa sekunde na zaidi. Ukisahau kidole kwenye kitufe, umeshajaza kadi. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa na gigabaiti 55.

Wengi mnaniandikia mkiuliza mnunue lenzi gani. Wachache sana wanauliza wafanye nini na picha wakirudi nyumbani, na kwangu mimi hapo ndipo mpiga picha anapojulikana. Kaa karibu na skrini, twende pamoja.

Hatua ya kwanza: usifute kitu chochote kwenye kamera. Najua kishawishi chake. Umeegesha chini ya mgunga, unakula chakula cha mchana, unaanza kufuta ili kadi ipate nafasi. Acha. Kile kioo cha nyuma ni kidogo, jua linakipiga, na wewe umechoka. Niliwahi kufuta hivyo picha za chui akishuka mtini kwa sababu kwenye kioo zilionekana nyeusi tupu. Jioni nilifungua mbili zilizonusurika, nikazipandisha mwanga kidogo, manyoya yote yakatokea. Zile nyingine hazikurudi, na bado zinaniuma. Nunua kadi ya ziada.

Ukifika nyumbani nakili picha zote mara mbili: kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje. Fungua chache kutoka kila upande uhakikishe zinafunguka, ndipo usafishe kadi. Folda ipe jina litakaloeleweka miaka kumi ijayo: mwaka, mwezi, mahali, mnyama.

Hatua ya pili ni kusubiri. Mimi naziacha siku tatu bila kuzigusa, kama hakuna mteja anayenidai. Siku ya kwanza unaipenda picha kwa jinsi ulivyohangaika kuipata. Uliamka saa kumi alfajiri, ukakaa saa tatu ndani ya gari, vumbi hadi kwenye meno. Yote hayo hayamo kwenye picha. Atakayeitazama hakuwa kwenye lile gari, ataona mnyama tu, na huyo mnyama ndiye wa kuhukumiwa.

Sasa hatua ya tatu, na hapa namkumbuka mama na ungo wake. Mchele haupepetwi na kuchambuliwa kwa mkupuo mmoja. Kwanza unapepeta, makapi yanaruka, kisha unakaa kitako kutoa mawe moja moja. Picha nazo ni hivyo hivyo. Mzunguko huu ni wa kupepeta tu. Natumia Lightroom, programu ya kulipia ya kupanga na kurekebisha picha: herufi X kwa ya kuondoka, mshale kwenda inayofuata, basi. Kama huna uwezo wa kulipia, darktable ni programu ya bure na kazi hii inaifanya vizuri, huko ya kukataa ni R. X hapa ni alama tu, faili bado lipo, kwa hiyo usiogope.

Tazama kasi yangu. Hii hapa, duma ametoka nusu kwenye fremu: X. Hii, fokasi imeshika nyasi za mbele, duma ni ukungu wa njano: X. Hii kichwa kimekatwa, hii ameshatupa mgongo, hii nimepiga mawingu nilipokuwa nageuka: X, X, X. Nusu sekunde kila moja. Usikuze picha, usirekebishe rangi, na usianze kupenda. Ukisita, iache ipite, zamu yake itakuja. Kutoka 1,846 zimebaki 612, na sijatumia hata saa moja.

Hatua ya nne ndiyo niliyowaitia hasa: jicho. Bonyeza Z ili picha ikuze hadi asilimia mia, nenda moja kwa moja kwenye jicho la mnyama.

Nimeziweka hizi mbili sambamba. Ukizitazama kwa mbali ni pacha: duma anakuja upande wetu, masikio mbele, nyasi hadi magotini. Sasa nakuza. Ya kushoto, ona ule mstari mweusi unaoshuka kutoka pembe ya jicho hadi mdomoni, ule wanaouita mstari wa machozi. Umekatwa kama kwa wembe, vinyweleo vinahesabika. Lakini panda kwenye jicho lenyewe: laini, limepwaya. Kamera imevutwa na mstari ule kwa sababu ni mweusi juu ya manyoya ya njano, ikashika fokasi sentimita chache pembeni. Ya kulia, jicho ni rangi ya kahawia ya dhahabu, na ndani yake kuna nukta ya mwanga. Hiyo nukta ukiiona, mnyama yuko hai kwenye picha. Ya kushoto inaondoka, hata kama mkao wake nauona ni mzuri zaidi.

Angalia na hizi, nilizipiga kama saa nne kasoro. Hapa fokasi haina kosa, shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ilikuwa 1/2500 ya sekunde, na bado duma anaonekana kama yuko nyuma ya maji yanayotetemeka. Ni hewa. Ardhi ikishapata joto, mvuke wa joto unacheza kati yako na mnyama, na lenzi ndefu inauonyesha wote. Dalili yake ni kwamba picha zote za mfululizo huo zimelegea kwa namna ile ile, kila moja imepinda kidogo mahali tofauti. Usipoteze jioni nzima ukijaribu kuzinoa kwa programu. Nimeondoa 70 kwa mpigo.

Ila picha iliyocheza si lazima iwe mbovu. Hii nilishusha shata makusudi hadi 1/40, nikamfuata nyumbu anayekimbia. Miguu imekuwa mistari, nyasi zimekuwa kama zimepigwa brashi, lakini kichwa kimetulia. Inabaki. Kichwa nacho kingecheza, ningeitupa.

Kwa ndege kuna mtego mwingine. Furukombe anapogonga maji kuchukua samaki, ule utando mweupe unafunika jicho lake. Kwenye fremu yenye matone mazuri kuliko zote, jicho linaweza kuwa kama la kipofu. Kagua fremu moja mbele na moja nyuma, mara nyingi utando umeshafunguka.

Giza kidogo au chengachenga za ISO kubwa, yaani kamera ikiongezewa wepesi wa kunasa mwanga, zisikutishe, hayo yanasafishika siku hizi. Lakini mweupe uliopitiliza haurudi. Yangeyange ambaye manyoya yake yamekuwa karatasi tupu, hakuna programu itakayomvisha tena.

Hatua ya tano, tumebakiwa na kama 140, na nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Hapa watu hukwama. Mfululizo huu una picha 34 za sekunde zisizofika mbili: duma yuko nyuma ya ndama na ndama anakata kona. Nachagua nne, nabonyeza N, zinakaa zote kwenye skrini. Naanza na miguu. Duma anapokimbia kuna nukta ambapo miguu yote minne imekusanyika chini ya tumbo, na nyingine imetanuka yote hewani. Hizo mbili zina nguvu, zilizo katikati yake zinamfanya aonekane anajikwaa. Kisha mkia. Akikata kona anaurusha upande mmoja ili asipinduke, na kwenye hii ya tatu umesimama wote juu kama usukani. Kisha nafasi kati ya wanyama wawili. Hapa pua ya duma imegusa mkia wa ndama, miili imeungana, huelewi nani ni nani. Hapa kuna uwazi wa kama kiganja kwenye skrini, na hofu yote imekaa kwenye ule uwazi. Mwisho naangalia nyuma yao: kama mstari wa upeo wa macho unampitia mnyama shingoni, namwondoa. Nachukua ya tatu, basi. Katika 34, moja. Ukibakiza tano zinazofanana, hujachagua bado.

Hatua ya sita, tenga kapu la pembeni. Si kila picha isiyopendeza haina kazi. Kule Amboseli, Kenya, watafiti wamekuwa wakiwatambua tembo mmoja mmoja tangu 1972, na wanawatambua kwa masikio: mipasuko, matundu, mishipa. Kaskazini mwa Kenya, tangu 2016, wananchi wamekuwa wakipiga picha ubavu wa kulia wa punda milia wa Grevy ili wahesabiwe, kwa sababu milia ya kila mmoja ni yake peke yake. Huku kwetu Mafia, papa potwe anatambuliwa kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua. Duma naye ana madoa yake. Kwa hiyo picha kavu ya ubavani, mwili wote ukionekana, mwanga wa kawaida tu, mimi siitupi. Naipa alama ya rangi ya bluu na kuandika tarehe na mahali. Mtafiti mmoja aliwahi kuniuliza kama nina ubavu wa kushoto wa duma fulani jike aliyekuwa hajaonekana kwa muda. Nilikuwa nao, na niliufuta, eti nyasi zimekatiza miguu.

Hatua ya saba ni fupi ila naiomba sana. Kuna picha kali ambazo hazistahili kubaki. Tazama hii: duma anaitazama lenzi moja kwa moja, macho makali, jicho safi kabisa. Lakini masikio yamelala nyuma na mdomo umefunguka kidogo. Hakuwa akiwinda hapo, alikuwa akituambia tumemkaribia mno. Ukiisambaza na ikapendwa, kesho dereva ataombwa asogee zaidi. Nimeipiga X, nasi tulirudi nyuma. Na kama una picha ya kifaru, kabla hujampa mtu yeyote, futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili, hasa ukipiga kwa simu. Majangili nao wanazisoma.

Hatua ya nane, chapisha. Zimebaki 19. Nilipeleka tisa studio, saizi ndogo tu ya inchi nne kwa sita, nikazibandika ukutani karibu na mlango wa jikoni. Nazipita asubuhi nikichukua chai, nazipita usiku. Picha isiyo na kitu huanza kunyamaza siku ya tatu, sijui niseme vipi, unaipita bila kuiona. Nne zilinyamaza, nikazibandua.

Siku ya tano alikuja shangazi yangu kunitembelea. Alisimama mbele ya ile ya kona, yenye mkia juu, akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Baba, huyu mtoto alipona?"

Alipona. Duma alichoka, akalala chini akihema, na ndama akarudi kundini kwa mama yake. Lakini kati ya zile tisa hakukuwa na hata moja inayosema hivyo. Nilirudi kwenye kompyuta, nikafungua zilizopigwa X, ambazo kwa bahati nilikuwa sijazifuta. Namba 1,512. Vumbi jingi, pembe ya mama imekatwa juu, nilikuwa nimeipita kwa nusu sekunde. Lakini kuza jicho: nukta ya mwanga ipo. Mama ameinamisha pua, ananusa mgongo wa ndama, na ndama ameshaingiza kichwa kwenye chuchu.

Nimeitoa X. Nimeichapisha, na nitaibandika kando ya ile ya kona.

Sasa ndiyo nachagua zote zilizobaki na X, Ctrl na kitufe cha kufutia, programu inauliza kama nina uhakika. Ndiyo, futa kwenye diski.