Kwani Nani Alisoma?

Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua nikizungumzia masharti ya mikataba yaliyoandikwa kwa herufi ndogo naanza na mashine ya sigara. Mtaisikia tena.

Bi. L'Estrange alikuwa na mgahawa huko Llandudno, Wales. Akaagiza mashine ya kuuzia sigara, akaletewa fomu ya karatasi ya kahawia, akatia saini. Mashine ikafanya kazi siku chache, ikakwama. Fundi akaja, akaondoka, ikakwama tena. Alipodai haki yake akaonyeshwa vijiandishi vya sisimizi kwenye ile fomu: dhamana yoyote ambayo haikuandikwa humu haihesabiki. Akasema hakuvisoma, na mimi namwamini. Mwaka 1934 mahakama ikamjibu kwamba, maadamu hakudanganywa, saini imemfunga, awe amesoma au hakusoma.

Sasa utamu wenyewe. Wakili wa kampuni iliyouza ile mashine alikuwa Alfred Denning. Huyo huyo, akiwa jaji mwaka 1956, akasema yapo masharti ya kuchapwa kwa wino mwekundu, na mkono mwekundu uchorwe ukiyanyooshea kidole! Alivijua vile vijiandishi kwa sababu aliwahi kushinda navyo.

Kuna anayenong'ona pale: mwenye macho haambiwi tazama, watu wasome. Haya, nani alisoma masharti ya programu aliyopakua mwezi huu? Mbona mikono imelala? Mimi pia sikusoma, na hii ndiyo kazi yangu! Mwaka 2017 kampuni ya Purple iliweka kwa makusudi, kwenye masharti ya Wi-Fi ya bure, saa 1,000 za kazi za jamii, kusafisha vyoo zikiwemo. Watu zaidi ya 22,000 wakabonyeza “Nakubali”. Na ungesoma, ungebishana na nani? Na kitufe?

Wala msiniambie kampuni zinaandika kidogo hivyo ili kubana karatasi. Bei ya ofa mmewahi kuiona kwa herufi za sisimizi? Redioni ofa inatangazwa kwa madaha, kisha “vigezo na masharti kuzingatiwa” yanatamkwa na mtu anayekimbizwa na nyuki.

Naona saa imenitupa, basi haraka haraka. Neno lenye utata kwenye mkataba hufasiriwa dhidi ya aliyeliandika. Sharti ulilopewa baada ya kukubaliana halikufungi. Hilo liliamuliwa Uingereza mwaka 1949, kwenye kesi ya tangazo lililobandikwa chumbani hotelini. Ukikosa muda wa kusoma yote, tafuta namna ya kujitoa, na kama mkataba unajihuisha wenyewe. Ya bima naiacha, mwenyekiti keshasimama.