Mbona siku hizi siwaoneshi matamasha ya roki ya Kijapani

Haya jamani, habari za huko. Leo sina mapambo wala muziki wa kuanzia, nimekaa hapa jikoni kwangu Saitama, Japani, nimetoka kazini, nataka nijibu hili swali liishe. Maana kila nikipandisha video, hata iwe ya kupika maharage, lazima mtu aandike: "Dada Mwana, mbona hutupeleki tena kwenye yale matamasha ya roki? Mume kakukataza?" Mume mwenyewe yuko wapi.

Na najua kitakachofuata. Nikitaja bei, mtasema naringa. Nikitaja kinachoniudhi, mtasema si urudi nyumbani, nani alikutuma. Semeni, ila sikilizeni kwanza.

Hili la kurekodi tulimalize haraka. Ndani hairuhusiwi, kwa bendi nyingi. Mhudumu anapita na bango lenye kamera iliyopigwa mstari, na ukitoa simu mashabiki wenyewe watakuripoti kabla yeye hajakuona. Zile video zangu za zamani zote ni za nje ya mlango, kaziangalieni tena.

Sasa tiketi. Huku huendi tu ukanunua. Unaomba, wanachezesha bahati nasibu. Na wanaochezeshwa kwanza ni wanachama wa klabu ya mashabiki, nyie wengine mnagombania makombo. Klabu yangu mimi ni kama yen 5,000 kwa mwaka. Ukishinda, tiketi unailipia, kuna ada ya mfumo, kuna ada ya kuichapisha pale konbini, hivi viduka vya saa 24, halafu siku yenyewe mlangoni unadaiwa yen 600 ya kinywaji, hata kama umefunga. Hiyo ya kinywaji ina sababu: hizi kumbi ndogo nyingi zimesajiliwa kama migahawa, na mgahawa lazima uuze kitu. Sawa, nimeelewa. Lakini hela imetoka kwangu.

Na yule anayeniambia kila siku ninunue kwa walanguzi: tangu Juni 2019 huku kuna sheria, mlanguzi wa tiketi anaweza kufungwa mpaka mwaka mmoja au kutozwa faini mpaka yen milioni moja. Wewe uliyeuziwa, tiketi yako inaweza kubatilishwa hapo hapo mlangoni. Mimi naishi hapa kwa kibali. Sichezi na kibali kwa ajili ya gitaa.

Tena mlango huo huo ndio ulionitoa machozi. Kadi yangu ya ukaazi ina majina matatu kwa herufi zetu hizi, limeanza la ukoo. Tovuti ya tiketi inataka katakana, zile herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, visanduku viwili tu, na kila kisanduku kina kikomo chake. Mwanahamisi kwa katakana ni Muwanahamishi. Bado sijaweka la baba, pameshajaa. Benki wameniandika hivi, kampuni ya simu vile, tiketi ikatoka na jina ambalo halifanani na lolote kati ya hayo.

Watu wanaingia kwa namba, wanaitwa kumi kumi. Namba yangu ilikuwa 38, nzuri kabisa kwa ukumbi ule. Kijana wa mlangoni akashika kadi mkono huu, simu yangu mkono huu, anasoma herufi moja moja kwa kidole. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mkubwa wao. Wote wananiinamia, samahani sana, subiri kidogo, samahani sana. Na yule mwenye kipaza sauti hasubiri mtu: 41 hadi 50, 51 hadi 60. Naruhusiwa kuingia, wameshapita 200. Na hakuna aliyenitukana, maana ukitukanwa angalau unajibu.

Lakini hayo ni makaratasi, na makaratasi nimeyazoea, ofisi ya uhamiaji imenifunza. Kilichonichosha ni mashabiki wenzangu.

Najua wengi wenu mliingia kupitia nyimbo za katuni na filamu, mnawajua L'Arc-en-Ciel, mnawajua One OK Rock. Hao ni wa viwanjani. Mimi nazungumzia bendi ndogo za visual kei, wale wa wanja na nywele zilizosimama, wanaopiga kwenye vyumba vya chini ya ardhi, watu mia na kitu, bendi tano au sita jioni moja. Huko mstari wa mbele una wenyewe. Kuna dada mmoja au wawili, wakongwe wa bendi, ndio wanaopanga: wimbo wa kwanza wa bendi hii atasimama fulani, ikipanda bendi nyingine fulani ampishe fulani. Bendi zenyewe nyingi zimeshatangaza kwamba huo mpango hazitaki. Mpango uko pale pale.

Mimi nimelipa bei ileile. Naona mbele pana nafasi, nasimama. Naguswa bega, kwa upole kabisa: samahani, hapa pana mtu. Mtu gani? Simwoni. Kumbe mtu yuko nje anavuta sigara, bendi yake bado haijapanda! Ningekuwa Kariakoo ningejua la kusema. Hapa unainamisha kichwa unarudi nyuma, halafu unakasirika ukiwa kwenye treni.

Halafu mikono. Kila wimbo una mikono yake, wote wanainua pamoja, wanashusha pamoja, na kwenye kutikisa vichwa wote wanaelekea upande mmoja. Inapendeza, sikatai, mara ya kwanza nilisisimka. Ila hakuna anayekufundisha, na ukikosea unaangaliwa. Sasa mwenzenu nilikuwa na rasta mpaka kiunoni, nimesukwa na dada mmoja Mkongo hapa Tokyo kwa bei ambayo siitaji, mama anaangalia hizi video. Nikiziachia, kwenye kutikisa kichwa zinamchapa wa nyuma. Nikizifunga juu, fundo linakuwa refu, na nywele za kufunga juu ni kosa kubwa kwenye kumbi zao, unawazibia wenzako. Na mimi ni mrefu tayari! Nikazifunga shingoni, nikavaa skafu juu, nikatikisa kichwa kwa adabu usiku kucha. Kesho yake nakuta mtandaoni mtu ameandika kuhusu mgeni mwenye nywele za kamba anayeharibu hali ya ukumbi. Jina hakutaja. Niambieni, mle ndani kulikuwa na mwingine nani? Na picha yake ya akaunti nikaijua, ndiye aliyenitabasamia kwenye foleni.

Upendo huku unapimwa kwa risiti. Sidi moja inatoka kwa aina tatu, kava tofauti, wimbo mmoja wa ziada tofauti, ukitaka kukutana na bendi dukani ununue zote. Picha za cheki, zile za kamera inayotoa picha hapo hapo, mwanabendi mmoja kwa kila picha, zinauzwa zikiwa zimefungwa, hujui utampata nani. Ndiyo maana mkiona nje watu wamechuchumaa kwenye kijia na mafaili yamefunguliwa, si mkutano wa dini, wanabadilishana: mwimbaji mmoja kwa wapiga ngoma wawili. Namwonea huruma sana mpiga ngoma. Na anayenunua zaidi ndiye anayesikilizwa zaidi, hata kwenye kupanga ule mstari wa mbele.

Usidhani wageni wenzangu ni afadhali. Swali lao la kwanza: ulianza kuwasikiliza mwaka gani? Ukitaja mwaka wa karibuni, mazungumzo yameisha. Hide, mpiga gitaa wa bendi ya X Japan, alifariki 1998, mimi nilikuwa mtoto Tanga, ningekuwepo vipi?

Na hapo hapo nyumbani. Nilipandisha picha nimevaa fulana ya bendi, yen 4,000. Baba mdogo akapiga simu siku hiyo hiyo: kama una hela ya fulana, ada ya wadogo zako inakushinda nini? Nilikuwa nimeituma wiki iliyotangulia. Sikumjibu, ni mkubwa wangu, namjibia hapa.

Nisije nikawadanganya kwamba wote wako hivyo. Desemba 29, 2024 nilikwenda Budokan, ule ukumbi mkubwa wa Tokyo, kuwaona bendi ya Buck-Tick, ile siku yao ya kila mwaka. Mwimbaji wao, Sakurai Atsushi, alizidiwa jukwaani Yokohama Oktoba 2023 akafariki siku ile ile, waliobaki wanne ndio wanaoendelea na bendi sasa. Pale ukumbini ni kina mama watu wazima, wengine wamewafuata tangu wanaanza kutoa rekodi miaka ya 1980. Viti vina namba, hakuna wa kumpisha mtu. Mama wa pembeni yangu alinipa pipi, akaniuliza natoka wapi, akasema Kilimanjaro, basi. Hakuniuliza nilianza mwaka gani. Alilia, nikalia, kila mtu akafuta yake.

Kwa hiyo huyo anayeuliza kama aje: mimi nasema yangu. Rafiki yangu Mkenya aliyeko Osaka anasema hajawahi kusumbuliwa hata mara moja, na ni kweli, yeye anakata viti vya juu kwenye viwanja vikubwa, saa tatu usiku yuko kwake. Wewe pengine utapenda kupangwa. Ila kama unakuja kutalii, jua kwamba tovuti nyingi za tiketi zinataka namba ya simu ya Japani, na tiketi ukishalipa hairudishwi. Uanachama wangu wa klabu unaisha Machi, sijaamua.

Na nyie mnaoniandikia niwanunulie cheki na fulana niwatumie: hela ya posta itangulie. Wawili bado nawadai, mnajijua.